Radi Kwenye Kona ya Kioo

Katika ukoo nilikoolewa, kule Mbebe kwenye milima ya Ileje, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana, ni heshima. Akija njia hii, mimi napita ile. Akiwa sebuleni, mimi niko jikoni. Jina lake silitaji, na neno la kawaida likikaribiana na jina lake natafuta lingine. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza miaka tisa ya ndoa, nina watoto wawili, na uso wake niliujua kwa picha moja tu ya ujanani aliyonionyesha mume wangu.

Tuliruhusiwa kitu kimoja. Nikifika kijijini, kabla sijatua mzigo, nilikwenda kwenye pembe ya nyumba upande wa chumba chake, nikachuchumaa, nikapiga makofi matatu ya taratibu. Yeye huko ndani alijibu matatu. Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Mimi ni Mnyiha wa Ruanda, Mbozi. Kwetu nako wakwe wanaheshimiwa, lakini si kwa kiwango cha kuruka mitaro, na mwanzoni nilimlalamikia sana mume wangu. Nina mdomo, sijawahi kukana. Lakini kufika mwaka wa nne hivi niligundua kwamba nayasubiri yale makofi. Nilijua kwa mlio wake kama amechoka, kama ana furaha, kama mvua imechelewa na mahindi yanamtia wasiwasi. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na sikuwahi kujibiwa hivyo na mwanamume mwingine mzee.

Kisha akapatwa na kiharusi. Ilikuwa siku ya mvua. Mchana radi ilipiga mti mkubwa wa mlingoti ulio mbele ya nyumba, ukapasuka kutoka juu hadi chini, na jioni ile ile mkono na mguu wake wa kulia ukafa. Hospitali walisema presha, na presha kweli alikuwa nayo, dawa alikuwa akizimeza siku akikumbuka. Watu wakasema wanayosema watu. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na nilisimuliwa kwamba aliwakemea kwa mdomo uliopinda, akawaambia asisikie tena habari ya radi ya kutumwa ndani ya nyumba yake.

Safari yangu ya kwanza baada ya hapo nilichuchumaa penye pembe yangu, nikapiga matatu. Kimya. Nilijua kwamba mtu hapigi makofi kwa mkono mmoja, nilijua kabla sijapiga, lakini nilikaa pale nikingoja mpaka magoti yakauma. Mama mkwe alitoka akaniambia, "Amekusikia." Nikaenda jikoni kumenya viazi na nikalia juu ya viazi. Niseme wazi nilichokitaka tangu siku ile: nilitaka makofi yale yarudi.

Mume wangu ni dereva wa lori. Wiki hii yuko Dar es Salaam, wiki ijayo amekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, na mimi niko Tunduma na kibanda changu cha kutengeneza simu, hatua chache kutoka mpakani. Kwa hiyo habari za baba yake zilinifikia mimi kwanza. Hospitali walimpa kijimpira cha kuminya ili vidole viamke. Alikiminya siku mbili, siku ya tatu akakitupa nje dirishani kwa mkono wake mzima, kuku wakatawanyika. Alisema hajazeeka ili arudi kuchezea vitu vya watoto.

Wakati huo nilikuwa na kitu mezani kisicho na kazi. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Zambia alikuwa ameniletea mfuko wa simu mbovu, na katikati yake kulikuwa na kompyuta ya bodi moja, ile ndogo inayoenea kiganjani, haina kasha wala kioo. Aliishika kwa vidole viwili, akaniambia, "Aka kakompyuta, bamayo, kalabomba," yaani haka kanafanya kazi. Nilijua vijana wanazitumia kuchezea gemu za zamani, zile tulizocheza sisi utotoni kwenye vibanda vya Tunduma, tukigombea zamu mbele ya TV moja. Nikawaza: kwenye gemu ya mpira, kitufe cha kupiga shuti kiko upande wa kulia wa pedi. Ukitaka bao, hakuna njia nyingine, kidole gumba cha kulia lazima kifanye kazi.

Niliijenga kwa wiki mbili, kati ya simu na simu. Kasha nililipata kabatini: redio yake mwenyewe baba mkwe, aliyowahi kunitumia niitengeneze na ikanishinda, nami kwa aibu nikawa sijairudisha. Nilitoa matumbo yake, nikapachika bodi ndani, tundu la betri likawa njia ya waya. Vitufe vya pedi niliving'oa na kuweka vikubwa zaidi ili gumba lisiloona njia lisipotee. Kwenye memori kadi nilipakia gemu chache, ya mpira ikiwa ya kwanza, ile ambayo wachezaji wana vichwa vya mraba na mpira ni kidoa cheupe.

Tatizo lilikuwa kuifunga. Kisanduku cha sola, ambacho betri yake imo humo humo, kilikuwa sebuleni, na TV ndogo walikuwa wameshaihamishia chumbani kwake ili asichoke. Mimi chumba kile sijawahi kukanyaga na sitakikanyaga. Nilipima urefu kwa hatua, nikiwa nje, kutoka dirisha la sebule hadi dirisha la chumba, nikaongeza kidogo kwa kuogopa usipungue, na Tunduma nikanunua waya wa chaja mrefu kuliko nyaya zote nilizoziona. Mama mkwe ndiye aliyechomeka, mimi nikiwa jikoni, akienda na kurudi kuniuliza lipi linaingia wapi.

Siku ya kwanza aliitazama redio yake ikitoa picha, akageukia ukutani. Aliyeokoa kazi yangu alikuwa mdogo wake, baba mdogo wa mume wangu, anayekaa ng'ambo ya bonde. Huyo naye ni mkwe, naye sionani naye, ila nafahamu kikohozi chake na mlio wa fimbo yake. Alikuja kumjulia hali kaka yake, akaiona pedi, akaishika, akacheza dhidi ya mashine, akafunga bao na kulishangilia mbele ya mgonjwa. Nasikia baba mkwe alinyoosha mkono wa kushoto akasema, "Lete."

Tangu hapo baba mdogo alikuja kila alasiri akitoka shambani, wakawa wanapokezana pedi ile moja. Mama mkwe alinipigia akaniambia gumba limeanza kuinuka. Wiki nyingine akaniambia ameshika kijiko, kimeanguka, lakini alikishika. Kisha wakaomba kitu. Wamechoka kupokezana, wanataka wakabiliane, kaka na mdogo wake. Nilifurahi kupita kiasi, nikatuma pedi ya pili kwa gari la siku ile ile.

Hazikupita wiki mbili, simu ikaja. Mvua zilikuwa zimeanza. Mama mkwe alisema mashine imekataa.

Nikamuuliza, inawaka? Inawaka. Picha ipo? Ipo. Sauti? Ipo. Sasa imekataa nini? Akasema imekataa tu. Nikauliza kama inazima yenyewe. Akasema mara nyingine inazima, lakini si hilo. Nikauliza basi ni lipi. Akasema, "Imekataa, mwanangu." Nilikuwa na wateja watatu mbele yangu na simu moja imefunguliwa tumbo, nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mimi si mganga, siwezi kutibu nisichoambiwa. Akanitakia kazi njema. Kauli yangu ile ilinirudia baadaye na kunichoma.

Nilifanya anachofanya fundi asiyeona: nilianza na ninachokishuku zaidi. Bodi hizi huua memori kadi zinapozimwa ghafla, kwa hiyo niliomba wanitumie redio na pedi moja. Nilifuta kadi, nikapakia upya, nikaichomeka kwa waya wangu mfupi wa kibandani, nikacheza saa nzima. Haikuonyesha kasoro yoyote. Niliirudisha na salamu, nikiwa na hakika. Jibu likaja siku iliyofuata kwamba bado. Nikatuma kadi nyingine mpya kabisa. Bado. Kisha mama mkwe akanipigia jioni moja na kusema maneno ambayo yalinifanya nifunge kibanda kesho yake.

"Mkono ameurudisha chini ya blanketi," alisema. "Hataki tena kuutoa."

Nilifika Mpemba nikapata gari la Isongole, na kutoka barabarani nikapanda bodaboda mpaka utelezi ulipoishinda, nikamalizia kwa mguu na begi la vifaa mgongoni. Karibu na njia panda ya kwao nilisikia fimbo na kikohozi. Nikatoka njiani haraka, nikaingia kwenye mibuni na kuchuchumaa, kichwa chini. Nilitegemea apite. Hakupita. Hatua zilikuja mpaka njia panda, zikasimama muda mrefu, kisha zikarudi zilikotoka, taratibu. Sikuelewa mtu anayetembea mpaka hapo halafu anarudi alikuwa anatafuta nini.

Nilipiga makofi yangu penye pembe. Kimya. Safari hii hata kitanda hakikulia.

Jikoni mama mkwe alinipa chai, akanipa mahindi ya kuchoma, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja. Nilimwomba radhi kwa ukali wa kwenye simu. Akasema yamekwisha. Nikamwambia sasa tuko wawili, hakuna simu, anieleze. Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Ipo radi," alisema bila kuniangalia. "Kwenye kioo, kona ya juu. Ya njano. Inamulika, inapotea."

Nilicheka. Ninaandika hili kwa aibu, lakini nilicheka kwa sauti, kwa nafuu ya fundi aliyeambiwa hatimaye dalili anayoijua. Alama ile ni ya mashine yenyewe. Umeme unaoifikia ukipungua, inachora kiradi cha njano kwenye kona ili uisaidie. Niliwaza wiki tatu zote hizi nimefuta kadi bure, kumbe ni kiradi. Mama mkwe aliweka kikombe chini. Uso wake ulinyamazisha kicheko changu.

"Inatokea wakati gani, mama?" nikauliza.

"Akiwa peke yake haiji. Akija baba yako mdogo, akikaa pale, akashika ya kwake tu, hiyo hapo."

Ndipo nilipoelewa fimbo ile ya njia panda. Ndugu hawa wawili walikuwa na ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba la kahawa, ulioamuliwa na kumalizwa kanisani miaka mingi iliyopita. Mlingoti uliopasuka ulisimama juu ya mpaka ule ule. Mzee aliyewakemea watu wote kuhusu radi ya kutumwa alikuwa ameiona kwa macho yake, ya njano, ndani ya chumba chake, ikija kila mdogo wake anapoketi na kuondoka anapoondoka. Siku ya kwanza aliinyamazia. Siku ya nne alimwambia mkewe, "Imenifuata mpaka ndani." Kisha akamtumia mdogo wake neno asije mpaka aitwe. Sababu hakumpa. Sababu kama hiyo haisemwi, kwa maana ukiisema umeshahukumu. Naye mdogo mtu alikuwa akija kila siku mpaka njia panda kungoja kuitwa.

Nilimwomba mama mkwe aende akamwambie baba kwamba ile ni alama tu, inaonyesha umeme ni mdogo, kila fundi anaijua. Akaenda. Akarudi.

"Anauliza, ile ya kwenye mti nayo ilikuwa umeme mdogo?"

Nilikaa na swali lile huku mvua ikianza kunyesha juu ya bati, na nikaona kwamba mimi na maneno yangu ya kifundi hatutamtoa mtu huyu mkono chini ya blanketi. Mtu aliyeona hatibiwi kwa kuambiwa.

Nilimwomba mama aniletee kila kitu jikoni: redio, pedi zote mbili, waya na kisanduku cha sola. Nikatoa testa. Kwenye kisanduku umeme ulikuwa umetimia. Nikachomeka ule waya mrefu, nikapima mwisho wake redio ikiwa imewaka. Ulikuwa umepungua, lakini bado unatosha. Nikachomeka pedi ya kwanza, namba zikashuka kidogo. Nikachomeka ya pili, na mbele ya macho yangu zikateremka chini ya pale ambapo kompyuta ile huanza kulalamika. Nikaichomoa, zikapanda. Nikairudisha, zikashuka. Pedi ya pili ilikuwa ya baba mdogo, iliyochomekwa akiwapo yeye tu.

Nikauchana ule waya kwa wembe. Ndani shaba yake ilikuwa nyuzi chache, nyembamba kama nywele. Waya wa namna hiyo ukiwa mfupi unafaa, ukiwa mrefu unaula umeme njiani. Na ulikuwa mrefu kwa sababu niliupima kwa hatua, nje ya ukuta, kwa kubahatisha, nikaongeza. Kibandani kwangu kadi ilionekana nzima kwa sababu niliijaribu kwa waya mfupi na pedi moja, kama mwanafunzi. Hakuna mtu wa Mbebe aliyemtumia mzee yule radi. Niliituma mimi kutoka Tunduma, kwa gari, na salamu juu yake.

Dawa yake nilikuwa nayo kwenye begi, chaja nzuri ya gari ya mume wangu, ile ya kwenye tundu la kuwashia sigara. TV ya chumbani ilikuwa tayari na waya mnene unaotoka kwenye sola. Ningegawa umeme pale pale kwenye waya wa TV, niweke chaja hiyo karibu kabisa na redio, na kutoka hapo waya mfupi wa kiganja kimoja ungetosha. Nilitayarisha vyote jikoni, nikaacha nyaya mbili tu za kuunganisha kwa skrubu, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Zikibadilishana, bodi inaungua hapo hapo na hadithi inaisha vibaya. Nyaya hizo mbili zilikuwa chumbani kwa baba mkwe, na anayeweza kuingia chumbani alikuwa mama mkwe, ambaye macho yake ya karibu yalishaondoka.

Mvua ilipokatika nilikwenda chini ya dirisha la chumba, nikachuchumaa, mgongo ukutani. Nikaanza kumwelekeza mama kwa sauti. Nilisema na mama, sikusema na mtu mwingine.

"Mama, zima kwanza kisanduku. Sasa shika waya wa TV pale nilipokwambia uukate. Tafuta mwekundu."

"Siuoni mwekundu. Zote nyeusi."

Kisha nikasikia sauti ambayo katika miaka tisa nilikuwa naisikia kwa mbali tu, ikiomba sebuleni au ikiita ng'ombe. Ilikuwa nzito na imepinda.

"Mwambie wa kushoto kwangu ndio mwekundu."

Nilikuwa nimeshasikia, na mama alijua nimeshasikia, lakini mzee alingoja. Ikabidi mama asogee dirishani anirudie: anasema wa kushoto kwake ndio mwekundu. Nami nikamwambia mama amshukuru baba, na mama akamgeukia akamwambia anashukuru. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi mchana ule wote, watu wawili tukizungumza kupitia wa tatu, kila sentensi ikitembea mara mbili. Sikuona kama ni upuuzi. Niliona tu kwamba anashiriki.

Skrubu ya pili ilimshinda mama. Akiingiza waya, bisibisi inateleza; akishika bisibisi, waya unatoka. Alisema anahitaji mkono wa tatu.

"Mwambie nitashika," ilisema sauti ndani.

"Utashika kwa upi?" mama akauliza.

Nilisikia blanketi. Kisha pumzi ya mtu anayenyanyua gunia. Mama alinisimulia baadaye kwamba alishika kwa wa kulia, waya katikati ya gumba na kidole cha shahada, unatetemeka, jasho linamtiririka kwenye paji la uso, na hakuuachia mpaka skrubu ilipouma.

Tukawasha. Mama akachomeka pedi ya kwanza, akachomeka ya pili. Nikauliza kwenye kona kuna nini. Akasema hakuna kitu. Wakangoja, nami nikangoja. Hakuna kitu. Lakini sikuridhika, kwa sababu niliona kimya cha mle ndani hakijabadilika. Alikuwa anangoja ije.

Nikamwambia mama achukue ule waya mrefu mwembamba, aurudishe kama ulivyokuwa, kisanduku cha sola mpaka redio.

"Uirudishe radi?" mama aliuliza kwa hofu.

"Irudishe, mama."

Akaurudisha. Nikamsikia akivuta pumzi. Ilikuwa imekuja, ya njano, kwenye kona yake, na kwenye kiti cha baba mdogo hakukuwa na mtu. Nikamwambia autoe, aweke ule mfupi. Ikaondoka. Sauti ndani ikasema, mwambie airudishe tena. Ikaja. Mwambie aiondoe. Ikaondoka. Kisha ikasema, "Niachie mimi," na nikasikia kidude cha waya kikichomekwa na kuchomolewa, kwa shida, kikikosa tundu, kikipata, mara nne au tano. Radi aliyoiogopa wiki tatu alikuwa anaiita na kuifukuza kwa mkono wake mwenyewe.

Maji ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati mpaka begani mwangu.

"Muulize waya huu mwembamba aliununua nani."

"Mama, mwambie baba niliununua mimi," nikasema. "Kosa ni langu. Nisamehewe."

"Mwambie kosa la waya ni lake," alisema. "La mdogo wangu ni langu."

Neno hilo mama hakulirudia, wala yeye hakungoja lirudiwe.

Niliondoka kabla ya alasiri kuisha ili nisikutane na mtu njiani. Nikiwa nateremka nilimwona mama mkwe mbele yangu, amejitanda khanga kichwani, anaelekea njia panda kwenda kumwita shemeji yake. Nilisimama kwenye mibuni nikaacha muda upite. Alinisimulia kwenye simu kwamba baba mdogo alikuja, akaketi kwenye kiti chake, akachukua pedi yake, na hakuuliza kwa nini alikatazwa wala kwa nini ameitwa. Wote wawili walicheza bila kusema mpaka giza lilipoingia. Mimi naamini alijua tangu mwanzo. Mtu akizuiwa nyumbani kwa kaka yake msimu wa mvua anajua sababu.

Ningependa kuandika kwamba mkono ulipona. Haukupona. Kidole gumba kilirudi, na kidole cha shahada, akawa anashika kijiko na kufunga vifungo vya shati. Bega lilibaki zito, kiganja hakikufunguka chote. Mwezi wa tatu hospitali walisema pengine ndipo pa kuishia hapo. Nilipokea habari hiyo kibandani, nikaweka bisibisi chini, nikasema sawa, na haikuwa sawa.

Nilipanda tena Mbebe baada ya mavuno ya mahindi, mume wangu akiwa safarini kama kawaida. Kutoka uani nilisikia kelele za mpira wa redioni na kikohozi nilichokifahamu, nikajua wako wote wawili. Sikutua mzigo. Nilikwenda penye pembe yangu, nikachuchumaa, nikapiga matatu, kwa mazoea na kwa heshima, bila kungojea kitu.

Mle ndani gemu ilinyamazishwa. Halafu nikasikia kofi moja. Likakawia. La pili. La tatu likaja limepinda, nusu kiganja nusu vidole, lakini lilikuwa kofi.

Mama mkwe alitoka akanikuta bado nimechuchumaa. Nikamuuliza, mkono wa kulia umepona?

"Wa kulia bado," alisema. "Amepiga kwa wa kushoto. Baba yako mdogo ndiye aliyemkingia kiganja."

Desturi ni kupiga mara moja tu, ukijibiwa unaondoka. Nikapiga tena matatu. Wakajibu.